Zamu ya Usiku na Watoto Wadogo

(Hotuba ya wazazi wafanyao kazi usiku, iliyosomwa kambini Dzaleka, Malawi, katika kuadhimisha Siku ya Wakimbizi)



Tunaishukuru Kamati kwa kutupa nafasi ya kusema katika siku hii ya tarehe 20 Juni, ambayo ilikuwa siku ya wakimbizi wa Afrika kabla Umoja wa Mataifa haujaifanya kuwa ya dunia nzima kuanzia mwaka 2001. Wengine waliotutangulia wamesema juu ya vita na njia tulizopita. Sisi tumechagua jambo la hapa hapa, nalo ni hili: mzazi anapokuwa kazini usiku, nani yuko na watoto?

Kwanza tujitambulishe. Sisi ni wahudumu wa wodi ya wazazi, ni walinzi wa maghala na ofisi, ni waokaji ambao huwasha tanuri saa nane za usiku ili ninyi mpate mkate wa moto kulipokucha. Wengi tumetoka Kivu na Tanganyika, wengine Burundi, wengine Rwanda. Mchana kila mmoja ana lugha ya kwao. Usiku kazini twaongea Kiswahili tu.

Kambi hii, ambayo zamani ilikuwa jela ya wafungwa wa kisiasa, ilifunguliwa mwaka 1994 kwa ajili ya watu kati ya 10,000 na 12,000. Leo tumepita 50,000. Kuna wagonjwa wengi zaidi, kuna uzazi mwingi zaidi, na mali ya kulinda imeongezeka. Kwa hiyo kazi ya usiku nayo imeongezeka. Malipo yake ni ya posho. Malawi ilipojiunga mwaka 1987 na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 ilijiwekea mipaka katika vifungu kadhaa, kikiwemo kile cha kazi ya mshahara, na ndiyo maana mkimbizi wa kambini amezoea neno posho kuliko neno mshahara. Hatukuja kulalamikia hilo leo. Twalitaja ili ieleweke kwamba fedha za kumlipa yaya hazimo humo.

Zamu huanza saa moja jioni na kwisha saa moja asubuhi. Kwa baba mlinzi, akirudi nyumbani watoto huambiwa wanyamaze, mlango hurudishwa, naye hulala mpaka adhuhuri. Kwa mama aliyetoka wodini, ndoo inamngoja mlangoni. Atakwenda bombani, atapika uji, atafua nepi, na kama ni siku ya mgao atasimama kwenye mstari. Atalala saa tano, ataamshwa saa saba. Tumecheka pamoja juu ya jambo hili mara nyingi, wanaume wakiwemo, lakini si la kuchekesha. Wataalamu wa Australia walionyesha mwaka 1997 kwamba mtu akikaa macho saa 17 mfululizo, utendaji wake hushuka kama wa mtu aliyekunywa pombe kiasi. Huyo ndiye tunayemtaka apime dawa ya mtoto wako saa kumi za alfajiri.

Sasa tuje kwenye shina la maneno yetu. Katika nyumba nyingi za wafanyakazi wa usiku kuna mfanyakazi wa pili asiyeandikwa kwenye karatasi yoyote: ni binti mkubwa. Ana miaka kumi na moja, labda kumi na tatu. Yeye ndiye anayelala na mdogo wake mchanga, ndiye anayeamka akilia, ndiye anayeitikia mtu akibisha mlango usiku. Asubuhi anavaa sare na kwenda shule. Mwalimu mmoja alituambia kwamba anawajua watoto wa zamu bila kuuliza, kwa kuwa kichwa kiko juu ya dawati kabla ya kipindi cha pili. Hatusemi hivi kuwalaumu wazazi. Mama mwenye kichanga, asiye na mume hapa wala bibi, na mwenye kazi moja tu aliyoipata, amtume nani? Lakini ukweli ni kwamba zamu yetu inalipwa kwa masomo ya watoto wa kike, na hakuna ripoti inayowahesabu.

Kuna na hatari nyingine ambazo kila mtaa unazifahamu. Mshumaa au kibatari kikiachwa karibu na chandarua, moto hausubiri, hasa kwenye paa la nyasi lililofungwa plastiki. Kwa nyumba isiyo na mtu mzima, taa ndogo ya jua iwe ndiyo taa ya usiku. Kama hakuna, bora mtoto alale gizani. Tena wako watu wanaompa mtoto dawa ya maji ya mafua ili alale moja kwa moja. Jambo hili liachwe kabisa. Dawa hizo zaweza kupunguza pumzi ya mtoto mdogo, na usiku ule hakuna wa kumwangalia.

Mengine tumejifunza wenyewe kwa wenyewe. Mama anyonyeshaye akamue maziwa kabla ya kwenda kazini, katika kikombe chenye kifuniko kilichochemshwa, akiweke mahali pa baridi kivulini. Yatumike ndani ya saa nne, na mtoto anyweshwe kwa kikombe, si kwa chupa, kwa sababu chupa ni ngumu kusafisha kwa maji yetu haya. Saa nne hazifiki asubuhi, twajua. Ndiyo maana mama wa kichanga cha chini ya miezi sita anahitaji mtoto awe karibu na kazi, wala si nyumbani. Tena maziwa ya mama hutoka vizuri zaidi anyonyeshapo usiku, na akikosa kunyonyesha wiki nzima za usiku yatapungua.

Kwa usingizi wa mchana, kitenge kizito cha rangi nyeusi dirishani kinasaidia kuliko dawa yoyote, maana mwanga huuambia mwili kwamba kumekucha. Chai ya rangi na kahawa vikome saa nane za usiku. Baada ya hapo vitakufuata mpaka kitandani. Na tumeanza desturi ya kufunga kitambaa chekundu kwenye mlango wa mtu aliyetoka zamu. Jirani akikiona, apite. Salamu ataileta jioni. Twajua kwetu kupita mlango wa mtu bila kubisha ni kama dharau. Tunaomba wazee watusaidie kueleza kwamba kwa mlango huu si dharau.

Maombi yetu ni matatu, na la kwanza ndilo kubwa.

Tunaomba chumba kimoja karibu na kituo cha afya, chenye mikeka, vyandarua, taa ya jua na mama wawili wa kukesha, ambapo watoto wa wafanyakazi wa usiku watalala. Mama wa wodi atatoka robo saa, atanyonyesha, atarudi. Binti mkubwa atalala kama mtoto. Mama wakubwa kadhaa wa jumuiya wamekwisha kusema wako tayari kukesha kwa zamu wakipewa posho ndogo, na matofali twaweza kufyatua wenyewe wakati huu wa kiangazi. Kinachokosekana ni kiwanja, mabati, na neno la idhini.

La pili, ratiba ya zamu itolewe majuma mawili mbele. Wapo waajiri ambao humwambia mtu mchana kwamba usiku huu ni wake. Mtu wa namna hiyo hawezi kupanga na jirani.

La tatu, mjamzito na aliyejifungua karibuni asipangwe usiku. Mkataba Na. 171 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1990 unataja muda usiopungua majuma 16, na manane kati ya hayo yawe kabla ya kujifungua. Hata kama aliyeko kwenye posho hahesabiwi kuwa mwajiriwa, tumbo lake halijui tofauti hiyo.

Wageni wetu mtatuuliza gharama. Tumeiandika kwenye karatasi, iko kwa katibu wa Kamati. Na ninyi majirani mnaoweza kulala na mtoto wa mwenzenu usiku mmoja kwa juma mpaka chumba kipatikane, daftari liko mezani pale chini ya mwembe. Andikeni jina, mtaa na siku. Tutakuwa pale mpaka saa kumi, halafu wengine wetu wanaingia kazini.