Njia ya Mzunguko Hadi Ofisi ya Nyumba na Viwanja



Waandaaji waliniomba nizungumzie sifa za mfanyakazi anayefaa ofisi zetu za nyumba na viwanja hapa Dar es Salaam. Sifa zenyewe mnazijua: mwaminifu, mchangamfu, anajua kompyuta. Kila tangazo la kazi linazitaja na kila mwombaji anadai anazo. Nimeona afadhali nimweleze mtu mmoja, mama anayekaa meza ya mbele ofisini kwangu, ambaye ameridhia nimzungumzie bila kumtaja jina. Amewahi kuwa mama lishe, mchapaji na muuza vitenge. Wasifu wa namna hiyo kwa waajiri wengi hauvuki ukurasa wa kwanza. Mimi nadai kwamba kazi hizo ndizo zilizomfundisha kazi yetu.

Sidharau vyuo. Wathamini wana sheria yao ya mwaka 2016 na bodi inayowasajili, na bei ya jengo waiseme wao. Lakini mteja akiingia ofisini hakutani kwanza na mthamini. Anakutana na mtu wa mapokezi, ambaye kesho ndiye atakayekwenda kukagua nyumba, na mwisho wa mwezi ndiye atakayempigia simu mpangaji aliyechelewa. Kazi hiyo haina bodi wala mtaala.

Nianze na jiko. Alipikia mafundi kwenye maghorofa yaliyokuwa yakijengwa Kariakoo. Fundi akila huzungumza, na mpishi husikia: nani anapunja saruji, ukuta gani umepigwa lipu ukiwa bado mbichi, kwa nini zege linamwagiliwa maji hata baada ya kukauka. Leo akienda kukagua nyumba Goba au Madale hatazami vigae wala dari ya jipsamu. Anagonga ukuta kwa kifundo cha kidole, anafungua mabomba yote kwa pamoja, anainama kutafuta mstari wa maji ya mafuriko chini ya rangi mpya. Kisha anatoka nje kumsalimu jirani. Wenye nyumba wengine hukasirika. Mmoja alimuuliza kama amekuja kupangisha au kupeleleza, akajibiwa kwa adabu, "Vyote viwili, baba."

Jiko lilimpa pia daftari la madeni. Mafundi wengi hulipwa Jumamosi, na mama lishe asiyejua nani hulipwa lini hafiki mwezi wa pili. Kwa hiyo mpangaji akija, hamuulizi kwanza anapata kiasi gani. Anamuuliza analipwaje: kwa wiki, kwa mwezi, au kazi ikiisha. Mnajua wenye nyumba wetu wanavyotaka kodi ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo, na dalali naye anachukua ya mwezi mmoja. Mtu wa kipato cha kila wiki akitoa fedha hizo zote siku moja, mara nyingi amekopa, na mkopo huo ndio utakaotusumbua muhula wa pili. Mara kadhaa amemshawishi mwenye nyumba akubali miezi mitatu mitatu, na wanaolipa hivyo ndio wapangaji wetu wasiotafutwa kwa simu.

Halafu kibanda cha uchapaji, jirani na Mahakama ya Mwanzo. Hapo alichapa mihtasari ya vikao vya ukoo na maombi ya usimamizi wa mirathi, na aliona jinsi jina moja la mtoto wa nje ya ndoa linavyoweza kuachwa kwenye orodha, likarudi baadaye na wakili. Akija muuzaji wa nyumba ya urithi, wengi wetu tunaridhika na barua ya usimamizi yenye muhuri wa mahakama. Yeye huomba na muhtasari wa kikao, anahesabu majina, anauliza nani hakuhudhuria na kwa nini.

Kwenye ridhaa ya mwenzi ndipo namwona bora kuliko wanasheria tunaowalipa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inamzuia mwanandoa kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Mwanasheria akilileta hilo mezani, mwanaume hununa na kusema anashukiwa. Huyu mama huliuliza kwa namna nyingine: "Kaka, wifi anajua kwamba mnauza?" Ameshaingia ukoo, na swali limekuwa la nyumbani. Majibu ya swali hilo yameshavunja mauziano ambayo yangetufikisha Baraza la Ardhi.

Vitenge vilimfundisha kutukanwa bila kubadilika sura, na hilo tumelihitaji sana tangu Agosti 2021, kodi ya majengo ilipoanza kukatwa kupitia LUKU. Kodi ni ya mwenye jengo, lakini anayenunua umeme ni mpangaji. Simu za malalamiko zilianza mapema. Alisikiliza kila moja hadi mwisho, kisha akanishauri tuweke kwenye kila mkataba sentensi inayosema fedha hiyo itarudishwaje. Simu zikapungua.

Nilipomsaili nilitaka kujua kwa nini ametangatanga. Jengo lilipokwisha, mafundi walihama na jiko likafa. Uchapaji ulikufa wateja walipoanza kuja na kazi zimeshachapwa kwenye simu. Fremu ya vitenge ilipandishwa kilemba mwaka ambao mtaji ulikuwa umeshaliwa na matibabu ya mzazi. Ukiangalia vizuri, hakuacha kazi hata moja. Kazi ndizo zilizomwishia. Tunaposoma wasifu wenye mapengo tunamshuku mtu, na mji wenyewe hatuuulizi.

Sitaki mtoke hapa mkidhani uzoefu unatosha. Udhaifu wake ni wazee. Mzee akija na kanzu safi na salamu ndefu, maswali yote yale hulegea. Mmoja wa namna hiyo alituletea hati nzuri ya nyumba ya Sinza, naye akawa tayari kumtafutia mnunuzi wiki hiyohiyo. Upekuzi kwa Msajili wa Hati ulionyesha nyumba iko rehani benki. Pua haikunusa chochote. Karatasi ndiyo iliyosema. Kwa hiyo kwetu upekuzi haurukwi, hata muuzaji awe imamu au mchungaji.

Halafu ni mbishi, na ingawa alikuwa mchapaji, kompyuta ya ofisi anaigusa kama sufuria iliyotoka motoni. Taarifa zake za ukaguzi bado anaziandika kwenye kaunta buku na kijana mmoja huzinakili. Nimeacha kumlazimisha.

Napendekeza mambo mawili. Usaili wa kazi hii ufanyike ndani ya nyumba tupu: mwombaji apewe nusu saa na daftari, aandike alichokiona na atakachomuuliza mwenye nyumba. La pili ni malipo. Dalali aliyemleta mteja anaondoka na kodi ya mwezi mzima. Aliyegundua ufa, deni au mrithi aliyefichwa anasubiri mshahara. Ofisini kwangu anapata sehemu ya kamisheni, na pale anaposimamisha biashara mbovu analipwa kiasi fulani vilevile, ingawa siku hiyo ofisi haijaingiza kitu. Najua baadhi yenu mtalipinga hilo kwenye kikao cha mchana. Njooni na hesabu za kesi mlizowahi kulipia mawakili, tuzilinganishe.