Maji Yanapoingia Kwenye Oili: Mazungumzo na Wamiliki wa Magari wa Mbinga na Mwambao wa Ziwa Nyasa



Leo nataka tuzungumze juu ya siku moja ngumu katika maisha ya mwenye gari. Ameifungua injini kwa mikono yake, amebadilisha gasketi ya silinda hedi, amefunga kila kitu. Kisha anachomoa kijiti cha kupimia oili na kukuta oili imegeuka rangi, imekuwa kama chai ya maziwa. Maji ya rejeta yameingia mahali pasipo pake.

Jambo hili si geni katika nchi yetu hii ya miteremko. Ziwa Nyasa liko takriban mita 475 juu ya usawa wa bahari, na milima ya Umatengo hupita mita 1,500. Anayetoka Mbamba Bay na shehena ya usipa kurudi Mbinga ana safari ya kilomita 66, na sehemu kubwa ni kupanda. Nako juu, maji huchemka upesi zaidi: kwenye mita 1,500 huchemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100. Kinachoyazuia ni mgandamizo unaotunzwa na mfuniko wa rejeta. Mfuniko ukilegea, au maji yakipungua, gari huchemsha. Hedi hupinda, gasketi huungua. Hapo ndipo mwenye gari, akiitazama gharama ya gereji, huamua kushika spana mwenyewe.

Sikuja kumlaumu mtu huyo. Nimekuja kumwambia neno moja: maji yakishaonekana kwenye oili, usiwashe injini. Hasara ya kwanza ni gasketi. Hasara ya pili, ambayo yaweza kumeza injini nzima, huletwa na ule ufunguo tunaouzungusha ili “tusikilize kidogo tu”.

Sababu zake ni mbili. Oili iliyochanganyika na maji hupoteza utelezi, na beringi za krankishafti husagika ndani ya muda mfupi. Aidha, maji hayagandamizwi kama hewa. Yakiwa yamejaa ndani ya silinda, pistoni inayopanda hugonga kama iliyogonga ukuta, na konrodi hupinda.

Basi ufanye nini? Liache gari lilale usiku kucha. Maji ni mazito kuliko oili, hivyo hushuka chini ya sampu. Asubuhi weka chombo, ulegeze taratibu bolti ya kumwagia oili. Yakitangulia maji, umepata jibu. Mwaga yote. Kisha toa plagi, au nozeli kama injini ni ya dizeli, kabla ya kuizungusha injini kwa mkono, ili maji yaliyomo kwenye silinda yapate pa kutokea.

Lakini usihukumu upesi kwamba gasketi mpya imekufa. Hedi inaponyanyuliwa, maji yaliyobaki ndani ya bloku huweza kumwagikia kwenye njia za oili. Huo ni uchafu wa siku moja, si uvujaji. Ili kutofautisha, tafuta gereji yenye pampu ya mkono ya kupimia mgandamizo wa rejeta. Injini ikiwa imezimwa na imepoa, mgandamizo huo hupandishwa hadi kiwango kilichoandikwa kwenye mfuniko, kisha hungojwa. Ukishuka na hakuna tone chini ya gari, maji yanavujia ndani. Ukisimama imara, weka oili mpya na chujio jipya, washa injini kwa dakika chache bila mzigo, kisha mwaga tena. Huenda ukarudia hivyo hadi oili itoke safi.

Kumbukeni pia kwamba katika baadhi ya injini maji hupita kwenye kipoza oili. Kikitoboka, dalili ni zilezile, na gasketi mia hazitaponya kitu. Tena, katika asubuhi za baridi za Juni na Julai hapa Mbinga, povu jeupe kidogo chini ya mfuniko wa oili laweza kuwa unyevu tu wa safari fupi. Tazama kijiti na kiwango cha maji kwanza. Nayo dawa ya kuziba uvujaji haisafishi oili iliyokwisha kuchafuka, na yaweza kuziba vijia vyembamba vya rejeta.

Uvujaji ukithibitika, hedi haina budi kufunguliwa tena. Ipimwe kama imepinda: kiasi kinachovumiliwa kwa kawaida hakifiki hata sehemu moja ya kumi ya milimita, kwa hiyo jicho halitoshi. Mashimo ya bolti yakaushwe. Bolti zikazwe kwa hatua, kwa mpangilio na kipimo cha mtengenezaji, kwa spana yenye kipimo cha nguvu. Katika injini nyingine bolti hizo hazirudiwi kutumika.

Sasa nizungumze kuhusu haki zenu. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamkataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji, na Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963 inahusu bidhaa bandia. Hata hivyo aliyejifungia gasketi mwenyewe ataambiwa na muuzaji, “Hukujua kufunga.” Jibu lake ni ushahidi. Dai risiti unaponunua. Tunza boksi, na gasketi iliyoharibika usiitupe. Piga picha kabla ya kufungua na baada ya kufungua. Andika vipimo vya hedi na namna ulivyokaza bolti. Ukimwajiri fundi, mwandikiane kazi, bei na atakachofanya tatizo likirudi. Ukiwa na hayo mkononi, lalamiko lako lina miguu ya kusimamia.

Jambo la mwisho linatuhusu sote. Kulanti nyingi zina ladha tamu, nazo ni sumu kwa mtoto, kwa mbwa na kwa mbuzi. Usiiache kwenye beseni uani. Na oili chafu usiimwage mtaroni, maana mito yetu mingi inateremkia ziwani, kule tunakopata mbasa na usipa. Itie kwenye dumu lenye kifuniko, uipeleke kwenye gereji inayokusanya oili iliyotumika.

Baada ya matengenezo, weka alama kwenye tangi la maji, uitazame kila asubuhi kwa wiki moja, injini ikiwa baridi; mfuniko wa rejeta usifunguliwe kamwe ikiwa ya moto. Maji yanayopungua bila tone kuonekana chini hayajatoweka, yameingia mahali. Yafuate mapema, gari likiwa bado uani, kabla hujalipakia watu na mizigo na kulielekeza mlimani.