Kukoma Hedhi: Mama Aelezwe, Kisha Achague

Mwezi Julai hapa Singida Mjini baridi haihitaji mtangazaji. Upepo unapiga kutoka upande wa Ziwa Singidani, na hadi saa nne asubuhi watu wako ndani ya makoti. Katika baridi ya namna hiyo, mama mmoja muuza vitunguu pale Misuna alivua sweta lake, akachukua kipande cha boksi na kuanza kujipepea huku jasho likimtiririka shingoni. Wenzake walicheka. Mmoja alisema ni malaria. Mwingine alisema ni presha. Wa tatu alinong'ona kwamba mama wa watu ametupiwa kitu.

Mama huyo ana umri wa miaka 49. Ndani ya miezi minne alikuwa amemeza dawa za malaria mara tatu, na mara zote tatu hakupimwa damu. Usiku halali. Anaamka amelowa, moyo unamwenda mbio, asubuhi anagombana na kila mtu nyumbani. Mumewe amekwisha kuhama chumba.

Ndugu wasikilizaji, mama huyu hakuwa na malaria wala hakutupiwa kitu. Alikuwa amefika umri. Katika maisha ya mwanamke, kwa kawaida kati ya miaka 45 na 55, mayai yaliyomo katika vifuko vyake huelekea kwisha, na ile homoni iitwayo estrojeni hupungua. Kabla ya kukoma, hedhi huanza kuyumba: mwezi huu inakuja, mwezi ujao haionekani, mwezi wa tatu inakuja kwa wingi. Ikishapita miezi 12 mfululizo bila kuonekana, ndipo wataalamu husema hedhi imekoma.

Kupungua kwa estrojeni huko ndiko kunakoleta joto la ghafla, jasho la usiku, usingizi kukatika, hasira zisizo na sababu, kusahausahau, na ukavu ukeni unaofanya tendo la ndoa liwe maumivu. Wapo akina mama wanaopita kipindi hiki bila shida yoyote. Wapo wanaosumbuka mwaka mmoja au miwili. Na wapo wanaosumbuka miaka saba na zaidi.

Wapo watu wasemao kuwa haya ni maradhi ya wanawake wa Ulaya, kwamba Mwafrika hana muda nayo. Hiyo si kweli. Tangu mwaka 1991 jarida la kitaalamu liitwalo Maturitas lilichapisha utafiti uliofanywa hapa hapa Tanzania kuhusu dalili za kipindi hiki. Kwa hiyo jambo lenyewe si geni kwetu. Kilichokosekana ni kulizungumza.

Sasa, je, iko dawa? Ndiyo, iko. Lakini historia yake ina mabonde na milima, na ni vyema tuijue ili tusidanganywe na upande wowote.

Mwaka 1942 Marekani iliruhusu dawa iitwayo Premarin, iliyotengenezwa kwa estrojeni kutoka mkojo wa farasi jike wenye mimba. Mwaka 1966 daktari mmoja wa huko, Robert Wilson, aliandika kitabu cha kuwaahidi wanawake ujana usiokwisha kwa kutumia homoni. Watu wakazikimbilia. Mwaka 1975 tafiti zikaonyesha kwamba estrojeni ikitumika peke yake huongeza saratani ya ukuta wa mji wa mimba. Madaktari wakajifunza kumwongezea mwanamke mwenye kizazi homoni ya pili, ile ya jamii ya projesteroni, ili kuulinda ukuta huo.

Kisha likaja jambo kubwa la Julai 2002. Utafiti wa Marekani uliowahusu wanawake zaidi ya 16,000 ulisimamishwa kabla ya wakati. Magazeti ya dunia nzima yakaandika kwamba homoni zinaua, na mamilioni ya wanawake wakatupa vidonge vyao. Lakini hebu tuzitazame hesabu zenyewe. Katika kila wanawake 10,000 waliotumia homoni hizo mbili kwa mwaka mmoja, waliongezeka wanawake 8 wenye saratani ya matiti, 7 wenye maradhi ya moyo, 8 wenye kiharusi na 8 walioganda damu mapafuni. Papo hapo, walipungua 6 wenye saratani ya utumbo mpana na 5 waliovunjika nyonga.

Hatari hiyo ipo, hatuikatai. Lakini wanawake wale walikuwa na umri wa wastani wa miaka 63, na wengi walianza dawa miaka mingi baada ya hedhi kukoma. Uchambuzi uliofuata umeonyesha kwamba kwa mwanamke mwenye afya, aliye chini ya miaka 60 au ambaye hajatimiza miaka 10 tangu hedhi ikome, na anayesumbuliwa na dalili, faida kwa kawaida huzidi hatari. Aidha, plasta ya kubandika au jeli ya kupaka ngozini hazielekei kugandisha damu kama vidonge vya kumeza. Mnamo Novemba 2025 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitangaza kuanza kuyaondoa mengi ya maonyo makali yaliyowekwa kwenye dawa hizo baada ya utafiti ule.

Hii haina maana kwamba kila mama akimbilie dukani. Aliyewahi kuugua saratani ya matiti, aliyepata kiharusi, aliyewahi kuganda damu miguuni au mapafuni, mwenye maradhi ya moyo au ya ini, na anayetokwa damu ukeni bila sababu kujulikana, hao kwa kawaida hawapewi homoni hizi. Na saratani ya matiti, kwa anayetumia homoni mbili kwa pamoja, hatari yake huongezeka kadiri miaka ya kutumia inavyoongezeka. Ndiyo maana zinahitaji daktari, kipimo cha presha, uchunguzi wa matiti, na kurudi kliniki kila mwaka.

Kwa upande mwingine, yuko mwanamke ambaye hedhi imemkoma kabla ya miaka 40, au ametolewa vifuko vya mayai kwa upasuaji. Huyu madaktari hushauri apewe homoni hadi afikie umri wa kawaida wa kukoma hedhi, kama hana kizuizi, kwa kuwa mifupa na moyo wake hupoteza kinga mapema mno. Je, wangapi wametoka chumba cha upasuaji bila kuambiwa hivyo?

Na asiyeweza au asiyetaka homoni hakuachwa mikono mitupu. Ziko dawa zisizo za homoni ambazo daktari anaweza kumwandikia kupunguza joto la ghafla. Uko ulainisho wa maji kwa ajili ya ukavu. Yako mambo ya nyumbani: khanga ya pamba badala ya nailoni usiku, kuacha sigara na kupunguza pombe, kutembea kila siku, maziwa, dagaa na mboga za majani kwa ajili ya mifupa. Lakini ile chupa ya maji ya rangi inayouzwa stendi kwa kipaza sauti, ikidaiwa kutibu kukoma hedhi, kisukari na mikosi kwa pamoja, hiyo mpishe muuzaji njia.

Nitaje mambo mawili ambayo kuyapuuza kumeleta majuto. La kwanza: hedhi inayoyumba haizuii mimba. Wengi wamepata kitinda mimba wakidhani wamemaliza, na dawa hizi za homoni si vidonge vya majira. Aliyevuka miaka 50 aendelee kujikinga mwaka mmoja baada ya hedhi ya mwisho. Aliye chini ya hapo, miaka miwili. La pili: damu ikirudi baada ya kukoma mwaka mzima, usifurahi kwamba ujana umerejea. Nenda hospitali upesi. Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa nchi yetu, na wengi hufika Taasisi ya Saratani ya Ocean Road wakiwa wamechelewa.

Ndugu wasikilizaji, hapa ndipo penye hoja yangu ya leo. Takwimu zetu za afya ya uzazi humhesabu mwanamke kuanzia miaka 15 hadi 49. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 humtambua mzee kuanzia miaka 60. Basi mama wa miaka 50 hadi 59 yumo katika daftari gani? Kliniki ya mama na mtoto haimwiti, kwa sababu hana mimba wala mtoto mgongoni. Dirisha la wazee halimpokei. Huyo ndiye anayeendesha biashara sokoni, anayelima alizeti, anayesomesha. Tumemtumia miaka yote, na siku mwili wake unapobadilika tunamwambia ni uzee, avumilie.

Si lazima tungoje majengo mapya. Siku ile ile mama anapokwenda kuchunguzwa mlango wa kizazi kwa siki, aulizwe pia: hedhi ikoje, usingizi ukoje, jasho likoje? Maswali hayo matatu hayana gharama. Mganga ayajue majibu yake kabla ya kuandika dawa ya malaria.

Na ninyi akina baba, mkeo akivua shuka usiku wa baridi, usihame chumba. Fungua dirisha, kisha kesho msindikize hospitali.

Mama wa Misuna hatimaye alikwenda. Alipimwa presha, akachunguzwa, akaelezwa njia zote, na akaambiwa achague. Ameomba muda wa kufikiri. Alipotoka alisema hajapewa dawa bado, lakini usiku ule alilala, kwa kuwa alijua hafi.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humwumbua. Hili wala si maradhi, lakini tulivyolificha limeumbua nyumba nyingi.

Kwa leo naishia hapo. Kwaherini.