Ziwa Lililokatwa na Mto

Somo: Yohana 15:1–8

Popote ulipo wakati huu, jikoni, dukani au kitandani kwa ugonjwa, karibu tuketi pamoja kwa dakika chache tulitafakari neno la Mungu.

Leo nakuchukua hadi Garsen, katika nchi ya Tana River. Wako wasikilizaji waijuao barabara ile itokayo Malindi, ipitayo Garsen kwenda Lamu. Mto Tana ni mrefu kuliko mito yote ya Kenya. Huanzia Mlima Kenya na milima ya Nyandarua, ukapita nchi kavu kwa mamia ya kilomita. Ufikapo Garsen nchi ni tambarare, nao mto hauna haraka tena. Hujipinda huku na huku kama nyoka. Kisha, wakati wa mafuriko, mara nyingine mto hukata njia fupi na kuliacha pindo lake la zamani kando. Pindo lile hubaki kuwa ziwa.

Nilisimama siku moja kando ya ziwa la namna hiyo pamoja na mzee mmoja Mpokomo, mkulima wa mpunga na ndizi. Nikasema, “Mzee, mmebarikiwa. Maji yote haya!” Akatikisa kichwa. Akanionyesha mahali palipokuwa na mfereji mwembamba kutoka mtoni, nao ulikuwa umejaa mchanga na magugu. Akasema, “Mwanangu, usidanganywe na maji haya. Ziwa hili limekwisha kukatwa. Unaona maji ya mafuriko yaliyopita.”

Msikilizaji, maneno yale sijayasahau. Yesu alitufundisha kwamba yeye ni mzabibu na sisi ni matawi, na kwamba tawi lililotengwa na mti haliwezi kuzaa kitu. Sisi wa pwani hatulimi mizabibu, lakini ziwa lile twalielewa. Nataka tujifunze kwalo mambo matatu.

Jambo la kwanza: ziwa lililokatwa halikauki siku moja. Siku mfereji unapoziba, hakuna kelele. Kesho yake maji ni yale yale. Wanawake huteka, watoto huogelea. Ndivyo ilivyo kwa Mkristo. Siku unayoacha kuomba, hakuna kinachoanguka. Unakwenda kazini, mshahara unapata, Jumapili unaimba. Wasema moyoni, “Kumbe hata bila kuomba naweza!” La, ndugu yangu. Unakunywa maji ya mafuriko yaliyopita.

Jambo la pili ni la ajabu zaidi. Ziwa linapokaribia kukauka, ndipo linapoonekana lina baraka nyingi. Maji yakipungua, samaki hukusanyika mahali padogo. Kambare hukamatwa kwa mikono. Ndege huja makundi kwa makundi. Mgeni akipita atasema, “Hili ndilo ziwa bora kuliko yote!” Kumbe zimebaki siku chache.

Hapa naungama mbele yako. Ulikuwako mwaka mmoja ambao nilihubiri karibu kila Jumapili. Nilialikwa harusini, matangani, katika mikutano ya vijana na ya akina mama. Watu walinisifu. Usiku mmoja mke wangu akaniuliza kwa upole, “Baba watoto, ni lini uliomba pasipo mtu kukualika?” Sikuwa na jibu. Ndege walikuwa wengi ziwani kwangu, na mfereji ulikuwa umeziba.

Wewe je, mzee wa kanisa? Wewe mwanakwaya, mwenye kiti wa akina mama? Shughuli nyingi za kanisa si ushahidi kwamba maji yanaingia.

Jambo la tatu: maji ya zamani ni ya zamani. Injili ilipandwa katika nchi ile ya Tana kwa gharama kubwa. Wamethodisti walianza kazi Golbanti mwaka 1885, na mwaka 1886 mmisheni John Houghton na mkewe Annie waliuawa pale pale katika uvamizi. Wamisheni wa Neukirchen kutoka Ujerumani nao walikuja Ngao katika miaka ile ile ya 1880. Babu na bibi wa Kipokomo waliamini, wakawafundisha watoto wao kusoma Neno. Hayo yalikuwa mafuriko makubwa ya neema. Lakini, msikilizaji, babu yako hawezi kukuombea asubuhi ya leo. Imani ya nyumba yenu, cheti chako cha ubatizo, jina lako katika kitabu cha kanisa, vyote ni vyema, wala mimi sividharau. Lakini Nabii Yeremia aliwaonya watu walioiacha chemchemi ya maji ya uzima wakajichimbia visima vyenye nyufa. Kila kizazi lazima kizibue mfereji wake.

Sasa labda utauliza, “Kuna hatari gani? Nikikauka kidogo, nani ataumia?” Ndugu yangu, wataumia wengi. Kati ya Agosti 2012 na Januari 2013 watu zaidi ya 100 waliuawa katika nchi hiyo ya delta ya Tana, wakulima na wafugaji, wanawake na watoto pia. Ulikuwako ugomvi wa ardhi, maji na malisho, na siasa ikachochea moto. Sisemi leo nani alianza. Nauliza tu: siku ile jirani alipomchukia jirani, mioyo yetu tuitwao Wakristo ilikuwa na maji kiasi gani?

Maana jaribu kubwa huja kwa njia ya jambo dogo. Ng'ombe wa jirani wameingia katika mpunga wako. Ama wewe ni mfugaji, na malka, ile njia ya mifugo kuteremkia mtoni, umeikuta imelimwa. Hasira inapanda. Wakati huo huwezi kukimbia kutafuta mhubiri. Kitakachotoka kinywani mwako ni kile kilichoingia moyoni asubuhi. Kama kulikuwa na maji, utasema, “Jirani, njoo tuketi tuzungumze.” Kama kulikuwa na vumbi, utashika panga.

Basi tufanye nini? Nilimwuliza mzee yule swali hilo kuhusu ziwa lake. Akacheka. “Tutachukua majembe,” akasema. “Tutauzibua kabla ya mvua. Mtu mmoja hawezi, tutakwenda wote. Mvua ni kazi ya Mungu.”

Naam, chukua jembe lako. Danieli, mtu mwenye kazi nyingi za serikali, alipiga magoti mara tatu kwa siku. Wewe anza na mara moja. Kabla ya kuwasha moto wa chai, kabla ya kufungua redio hii, msemeshe Mungu. Soma mistari michache, nenda nayo shambani. Usiache jua lizame ukiwa na uchungu na mtu, kwa maana uchungu ndio mchanga uzibao upesi kuliko wote. Wala usifanye kazi hii peke yako. Baba, mama na watoto, ombeni pamoja, hata kama ni kwa dakika tano.

Mto Tana huhama, lakini Mungu wetu hahami. Kama uko mbali naye leo, yeye yuko pale pale ulipomwacha. Ni mchanga tu uliojaa katikati, na jembe liko mkononi mwako.

Tuombe.

Ee Baba wa mbinguni, tusamehe kwa kuishi kwa maji ya jana. Tumesifiwa na watu huku mioyo yetu imekauka. Tuondolee uchungu na kiburi. Tukumbuke pamoja na jirani zetu wa Tana, wakulima na wafugaji, uwape amani ya kweli. Tujaze leo, utujaze na kesho, kwa ajili ya Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.