Galoni Yenye Alama ya Mionzi: Jinsi Taka za Majimaji Zinavyopimwa na Kupangwa



Katika Landover na miji jirani ya Kaunti ya Prince George's wamo wazungumzaji wa Kiswahili ambao riziki yao hupatikana usiku, katika usafi wa hospitali na maabara. Mmoja wao aweza kufungua stoo ndogo na kukuta galoni ya plastiki ndani ya beseni, nyuma ya matofali ya madini ya risasi. Juu yake pana alama ya mabawa matatu, ya zambarau au nyeusi, katika rangi ya manjano. Maji yaliyomo huenda hayana rangi wala harufu. Ajali huanzia hapo, kwa kuwa kitu kisichotisha macho humwagwa sinkini kama maji yaliyooshea vyombo.

Galoni hiyo haikusahauliwa. Imewekwa ingoje, na muda wa kungoja hutegemea kilichomo ndani yake. Kila chembe ya mionzi ina nusu uhai wake, yaani muda ambao nguvu yake hupungua kufikia nusu. Teknishiamu-99m, itumiwayo kupiga picha za moyo na mifupa, nusu uhai wake ni saa 6. Iodini-131, itumiwayo kutibu tezi ya thairoidi iliyo shingoni, ni siku 8. Baada ya nusu uhai 10, ambazo kwa iodini hiyo ni siku 80, hubaki chini ya sehemu moja katika elfu. Kwa sababu hiyo kanuni za matibabu za Marekani huruhusu taka zenye nusu uhai usiozidi siku 120 ziwekwe zipoe zenyewe. Maryland, kwa makubaliano na serikali kuu tangu 1971, husimamia jambo hili kupitia ofisi zake yenyewe.

Hata hivyo, kuhesabu siku kwenye kalenda hakutoshi. Siku ikifika, galoni hutolewa nyuma ya risasi na kupelekwa mahali pasipo na mionzi mingine. Mpimaji hupima kwanza mionzi ya asili ya chumba, kisha husogeza kipimo hadi kwenye uso wa chombo bila kizuizi chochote. Iwapo namba mbili hizo haziwezi kutofautishwa, taka hiyo haihesabiwi tena kuwa ya mionzi. Alama zote hufutwa au kubanduliwa. Tarehe, kifaa kilichotumika, vipimo vyote viwili na jina la mpimaji huandikwa, na kumbukumbu hiyo hutunzwa miaka 3. Iwapo namba zinatofautiana, galoni hurudi stoo.

Upo mtego mmoja. Tritiamu na kaboni-14, zinazotumika katika maabara za utafiti, hutoa mionzi dhaifu mno. Mionzi ya tritiamu haipenyi hata ukuta wa chupa, na kipima mionzi cha mkononi kikiwa kimya hakithibitishi lolote. Sampuli ya maji hayo huchanganywa na kimiminika maalumu kinachotoa mwanga kila kinapoguswa na mionzi, na mashine huhesabu mimweko hiyo. Nusu uhai wa tritiamu ni zaidi ya miaka 12, na wa kaboni-14 ni zaidi ya miaka 5,000. Kuzingojea stoo ni kazi bure. Ndiyo maana kosa dogo la kumimina kikombe cha kaboni ndani ya galoni ya iodini ni kosa la gharama kubwa: galoni nzima hufuata sheria ya kile kinachodumu zaidi.

Maji ya namna hiyo yanayoyeyuka vyema yaweza kuachiwa kwenye maji taka, kwa viwango vilivyowekwa, na mwenye leseni peke yake. Yanayopelekwa kuzikwa sharti yagandishwe, au yanyonywe na kitu chenye uwezo wa kunyonya mara mbili ya ujazo wake, kwa kuwa makaburi ya taka hayapokei maji yanayotiririka. Huko taka hupangwa katika daraja A, B na C kwa kadiri ya aina na wingi wa mionzi, na taka nyingi za hospitali huangukia A.

Wapo wanaosikia habari za Hanford wakadhani ni jirani. Hanford imo katika jimbo la Washington, upande wa pili wa nchi, mbali na Washington, D.C. Huko matangi 177 ya chini ya ardhi yana takribani galoni milioni 56 za taka zilizobaki baada ya kutengeneza plutoniamu kwa ajili ya mabomu. Kwa sheria ya Marekani taka za aina hiyo huitwa za kiwango cha juu hasa kwa sababu ya asili yake, yaani usafishaji wa fueli ya nyuklia iliyotumika. Galoni ya hospitali haina undugu nazo.

Mgonjwa aliyemeza iodini hurejea nyumbani, na mkojo wake huingia chooni kihalali, kanuni zimeusamehe. Nepi zake ni jambo jingine. Vituo vingi vya taka vina ving'ora vya mionzi, na mfuko wa nepi waweza kulisimamisha gari zima. Familia iulize hospitali muda wa kuzitenga kabla mgonjwa hajatoka.

Mfanyakazi akikuta galoni imemwagika, asipige deki, kwa kuwa deki husambaza. Asimimine jiki wala siki: vyote viwili huweza kuigeuza iodini kuwa mvuke unaovutwa puani. Aweke karatasi za kunyonya juu ya maji, azuie wengine wasikanyage, avue viatu mpakani mwa eneo hilo, kisha amwite afisa wa usalama wa mionzi na kumsubiri papo hapo. Mama mjamzito anayefanya kazi karibu na stoo hizo ana haki ya kumwarifu mwajiri kwa maandishi. Akishafanya hivyo, kipimo cha mtoto aliye tumboni hakiruhusiwi kuzidi milisiviati 5 kwa muda wote wa ujauzito, na hesabu hiyo ni juu ya mwajiri kuitunza.