Mikono Miwili, Mizigo Mitano

Wiki hii nazungumzia kile kibebeo cha ngozi au kitambaa ambacho akina dada hukifunga ubavuni mwa mkoba ili kishike simu, funguo au chupa ya maji. Kinapendeza, na mimi sina ugomvi na urembo. Tena kina kazi: ndani ya daladala mkono mmoja hushika bomba, wa pili humshika mtoto, wa tatu hatukupewa.

Lakini bibi zetu nao walikuwa na kibebeo chao, ncha ya kanga. Fedha zilifungwa fundo, fundo likachomekwa kiunoni, mikono ikabaki huru kwa jembe au ndoo. Hakuna aliyeziona, na fundo likilegea mwenyewe alihisi. Hiki cha sasa kinaning'inia nyuma ya kiwiko, machoni pa kila apitaye Kariakoo. Simu ikichomolewa, mkoba hauhisi kitu!

Basi dada, kabla hujalipa, uvute mshono kwa nguvu. Nusu lita ya maji ni nusu kilo. Kisha kifunge upande wa mbavu zako, si wa barabarani. Humo weka maji na kitambaa cha jasho. Simu iingie ndani ya mkoba, zipu ifungwe.