Makunduchi na Ardhi Yake ya Mawe

(Mazungumzo ya redio kwa madarasa ya watu wazima)



Somo letu la leo ni la jiografia, lakini hatutavuka bahari. Tutapanda gari hapa mjini, Darajani, na tutashuka Makunduchi, kusini kabisa ya kisiwa chetu cha Unguja. Ni safari ya kilomita 60 na kitu. Mwalimu, ikiwa ramani imetundikwa ukutani, mwite mwanafunzi mmoja aweke kidole mjini, kisha akiteremshe polepole huku sisi tukizungumza.

Haya, twendeni. Mwanzo wa safari mnaona minazi, miembe na migomba, na udongo ni mwingi. Mkishapita Tunguu nchi inaanza kubadilika. Mnaingia msitu wa Jozani, maskani ya kima punju, mnyama ambaye kwa asili yake haonekani popote duniani isipokuwa Unguja. Mkipita Kitogani njia inagawika. Moja inakwenda Paje na Jambiani, na nyingine inashika Muyuni hata Makunduchi. Huku tena hakuna miti mikubwa. Ni vichaka vifupi, na chini ya vichaka ni mawe. Watu wa huko huiita nchi hiyo maweni, na hilo ndilo jina linaloifaa.

Mawe hayo yametoka wapi? Ni matumbawe. Zamani sana yalikuwa chini ya bahari, yakijengwa na viumbe vidogo vya baharini, kisha bahari ikashuka na mawe yakabaki juu. Ndiyo maana ukivunja jiwe la Makunduchi unaweza kukuta ndani yake umbo la kombe. Mvua ikinyesha juu ya mawe hayo, maji hayatulii. Hupenya katika matundu na kwenda zake chini. Kwa hivyo huko hakuna mito, na watu tangu zamani wametegemea visima na mapango yenye maji.

Msidhani lakini kwamba nchi ya namna hiyo haikukaliwa. Karibu na Jambiani liko pango liitwalo Kuumbi. Wachimbuzi wa mambo ya kale wamekuta humo zana za mawe na mifupa ya wanyama waliowindwa, na wanasema watu walilitumia pango hilo kiasi cha miaka 20,000 iliyopita. Wakati huo Unguja ilikuwa imeungana na bara, kwa kuwa maji ya bahari yalikuwa chini kuliko sasa, na mtu angaliweza kuja kwa miguu.

Jirani na Makunduchi, upande wa magharibi, ni Kizimkazi. Ndiko alikozaliwa mwaka 1960 Bibi Samia Suluhu Hassan, aliyeapishwa kuwa Rais wa Tanzania mwaka 2021. Pale Dimbani upo msikiti, na ndani ya ukuta wake wa kibla yamo maandishi ya Kiarabu ya mtindo wa Kufi yenye tarehe ya mwaka 500 wa Hijra, yaani 1107 Miladi. Msikiti wenyewe ulijengwa upya katika karne ya 18, lakini maandishi yale yamebaki. Yamechongwa katika tumbawe, jamaa ya jiwe lile ambalo mkulima wa Makunduchi hulilaani jembe lake linapogonga.

Sasa tuje kwenye swali kubwa la somo letu. Kwa nini watu wengi wakae mahali pa mawe, na huku magharibi ya kisiwa kuna udongo mzuri?

Wenyeji wa kusini na mashariki huitwa Wahadimu. Zamani kisiwa kilikuwa na mtawala wao, Mwinyi Mkuu, ambaye katika karne ya 19 alikaa Dunga. Seyyid Said wa Oman alipohamia Unguja, ukulima wa mikarafuu ulienea. Mkarafuu ni mti unaotaka udongo wenye kina. Basi ardhi ya magharibi na ya katikati ikageuka mashamba ya karafuu, mikononi mwa wenye mali, na waliofanya kazi humo walikuwa watumwa walioletwa kutoka bara. Wahadimu waliokuwa na makao upande huo walipungua kidogo kidogo. Maweni hakuna mkarafuu unaoota, na kwa sababu hiyo hakuna aliyeyatamani. Mawe yaliwanyima Wahadimu mavuno makubwa, na mawe hayo hayo yaliwahifadhia miji yao.

Maisha ya maweni yana akili yake. Mkulima huchagua kichaka, hukikata, hukichoma moto, kisha hupanda katika mifuko ya udongo iliyo kati ya mawe. Hupanda muhogo, mtama, kunde, mbaazi na tungule. Mawe aliyoyang'oa huyapanga yakawa ukuta kuzunguka shamba, ili kuzuia nguruwe mwitu. Hatumii chokaa wala saruji. Kuta hizo ni kazi ya mikono mitupu, na mimi nasema hazipungukiwi heshima na majumba ya mjini tunayowaonesha wageni. Baada ya miaka 2 au 3 udongo huchoka. Mkulima huliacha shamba likarudi kichaka, na huenda akafyeke pengine.

Kwa desturi, kichaka kilikuwa cha mji mzima. Aliyekifyeka na kujenga ukuta alikuwa na haki nacho maadamu analima. Na mti ni wa aliyeupanda. Mnazi waweza kuwa wa Bwana fulani, na ardhi uliosimama juu yake si yake.

Nusu nyingine ya maisha iko pwani. Maji yakipwa wakati wa bamvua, bahari hutoka mbali, na wanawake huingia na vijiti kutafuta pweza. Makumbi ya nazi hufukiwa mchangani kwa miezi mpaka yaoze, kisha hupondwa ukapatikana usumba, na usumba ukasokotwa kamba. Mwaka 1989 ukulima wa mwani ulianza kushika katika pwani ya mashariki. Wanawake walitia vigingi, wakafunga kamba, wakapanda. Mwani ukikauka huuzwa ng'ambo, na dawa inayotolewa humo hutumika kuzidisha uzito wa vyakula na hata dawa za meno. Kwa mara ya kwanza wanawake wengi walishika fedha zao wenyewe. Siku hizi aina ile yenye bei kubwa inakufa, kwa sababu maji ya pwani yamezidi kuwa moto, na bei ya aina iliyobaki ni ndogo.

Makunduchi ina majumba ya ghorofa yaliyojengwa wakati wa Mzee Abeid Amani Karume, na ina hospitali na skuli. Ina lahaja yake, Kikae, ambayo marehemu Haji Chum aliiandikia kitabu cha msamiati kilichochapishwa mwaka 1994. Na kila mwezi wa Julai ina Mwaka Kogwa. Watu wa kusini na wa kaskazini wa mji hukutana uwanjani wakapigana kwa vigogo vya migomba, ili chuki za mwaka uliopita ziishe hapo hapo. Kibanda cha makuti huchomwa moto, wanawake hupita wakiimba wamevaa nguo zao nzuri, na kila nyumba hutaka ipate mgeni wa kumlisha. Kutoka siku hiyo wazee walihesabu miongo, siku 10 kwa 10, wakajua lini kupanda na lini pepo zitageuka.

Nimebakiwa na dakika chache, na nataka kuzitumia juu ya ardhi.

Tangu miaka ya 1990 hoteli zimejengwa pwani ya mashariki na kusini. Mawe yasiyotakiwa na mtu yamekuwa na bei, kwa kuwa yako karibu na mchanga mweupe. Kwa sheria ya mwaka 1992, ardhi yote ya Zanzibar ni mali ya umma, chini ya Rais wa Zanzibar, na raia hupewa haki ya kuitumia. Mgeni hauziwi ardhi. Hupewa mkataba wa kukodi kwa muda. Lakini mzee aliyefyeka kichaka chake kwa desturi mara nyingi hana karatasi, ana ukuta wake wa mawe tu. Anapofika mtu na karatasi, mzee huambiwa atie dole gumba.

Mwalimu, tafadhali andika ubaoni maneno haya: mpaka, mkataba, kukodi, muda, shahidi. Kila mwanafunzi ayasome kwa sauti, kisha ayaandike katika daftari lake. Kwa wiki ijayo, mwulizeni mzee mmoja wa mtaani kwenu: shamba lako linaishia wapi, nani anajua, na imeandikwa wapi? Leteni majibu yake darasani, hata kama ni mstari mmoja.